Darasa la Sifuri

Walipobandika matokeo ya mtihani wa kupangiwa masomo, Milimita hakusukumana na wenzake. Alisimama nyuma akangoja vijana wamalize kupigana vikumbo mbele ya ubao wa matangazo, kisha akasogea na kuitafuta namba yake kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta ufa kwenye kioo. Ishirini na saba juu ya hamsini. Alama moja kwa kila mwaka aliokula duniani. Aliyetaka kuanza na Kalkulasi alitakiwa awe na thelathini. Chini ya hapo aanze na Aljebra na Trigonometria, akae huko muhula mzima, ndipo aruhusiwe kupanda.

Jina la Milimita hakupewa na wazazi. Alilipata kwenye karakana ya vioo na alumini alikofanya kazi miaka tisa, kwa sababu hakukubali kukata kioo kilichopimwa na mtu mwingine. "Mbao ikizidi, unapiga randa," alikuwa akiwaambia wenzake. "Kioo kikizidi, unapiga magoti kuokota vipande." Sasa alikuwa ameacha karakana aje kusomea uhandisi wa majengo, na mwenye karakana alimuaga kwa maneno mawili tu: "Ukifukuzwa, rudi."

Foleni ya ushauri wa masomo ilianzia mlangoni ikazunguka hadi ngazini. Mbele yake vijana wawili walikuwa wakinong'onezana.

"Leo mezani yupo Sifuri."

"Sifuri ndiye nani?"

"Mwalimu wa trigo. Yule hakupi maksi hata umbebe mgongoni hadi kwake."

Milimita alichungulia juu ya mabega yao ili naye amwone huyo Sifuri. Aliyemwona, ameinamia karatasi na kalamu nyekundu mkononi, alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja.

Alijua kwamba kaka yake anafundisha chuoni hapo. Hakujua kwamba ndiye anayesahihisha mtihani wa kupangiwa, wala kwamba wanafunzi wamempa jina. Jina lilimfurahisha, lakini furaha yenyewe haikufika mbali. Kwa miaka kumi na miwili yeye na kaka yake walikuwa wakikutana mezani kwa mama yao kila Jumapili na kupitishiana chumvi bila kutazamana.

Kisa chao hakikuwa siri ndani ya nyumba. Milimita alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, kaka yake, aliyemzidi miaka sita na aliyekuwa akisomea hisabati chuo kikuu, alirudi likizo akajitolea kumfundisha. Walikaa jikoni, kitabu huku, rula ya mbao kule. Kaka aliuliza swali, na kabla jibu halijafika, rula ilikuwa imeshafika vidoleni. Hayo Milimita aliyavumilia. Siku moja walikuja rafiki wawili wa kaka kutoka chuo. Kaka akalichukua daftari la dada yake, akasoma majibu yaliyokosewa moja baada ya jingine kama anayesoma gazeti, kisha akalipasua katikati na kusema, "Hiki kichwa ni cha kubebea ndoo." Rafiki zake walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu.

Tangu siku hiyo Milimita hakufungua kitabu cha hesabu mpaka akamaliza sekondari na alama ya mwisho kabisa. Hesabu zilimrudia karakanani kupitia mikononi: pembe za fremu, mteremko wa paa la kioo, unene, uzito. Alipofika miaka ishirini na mitano alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Mama alipompelekea kaka mtu habari hizo, alijibu, "Mitihani ya siku hizi imekuwa laini."

Zamu yake ikafika.

"Namba?" kaka yake aliuliza bila kuinua macho.

"Unanijua."

"Hapa namjua mwenye namba."

Akamtajia namba. Kaka akapekua, akaitoa karatasi yake, akaiweka mezani. "Ishirini na saba. Aljebra na Trigonometria. Anayefuata."

"Sijamaliza," Milimita alisema, akaivuta karatasi kwake. "La nne, la saba, la kumi na moja na la kumi na tatu. Majibu yangu ni sahihi yote. Umenipa nusu nusu."

"Hukuonyesha njia."

"Jibu ni sahihi au si sahihi?"

"Wewe unajua majibu," kaka yake alisema, na sasa alimtazama. "Hesabu huijui. Ukienda Kalkulasi na tabia hiyo, kabla ya wiki ya nne utakuwa unalia chooni. Nimewaona wengi, na walikuwa na akili kukuzidi."

Vijana wawili wa mbele, ambao walikuwa wameshahudumiwa, walisahau kuondoka.

"Hiyo Aljebra na Trigonometria anafundisha nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

"Basi nipe fomu ya kukataa ushauri."

Fomu hiyo ilikuwepo. Mwanafunzi aliyekosa alama chache aliruhusiwa kuingia Kalkulasi kwa hatari yake mwenyewe, mradi mwalimu wa Kalkulasi akubali kuweka sahihi. Kaka yake aliifungua droo, akaitoa, akaisukuma kwa ncha ya kalamu, kana kwamba karatasi ina ugonjwa.

"Siku ya mwisho ya kubadilisha masomo ni Ijumaa ya wiki ya nne, saa kumi jioni," alisema. "Saa kumi na dakika moja sifungui mlango."

"Usijisumbue kuufunga. Siji."

Mwalimu wa Kalkulasi alikuwa mzee mnene mwenye tabasamu lisiloisha, na chuo kizima kilimwita Daktari Karibu. Aliitia sahihi fomu ya Milimita juu ya kiganja, akiwa amesimama koridoni, bila kuisoma. "Karibu, karibu sana, mwanangu. Hesabu haina mwenyewe." Milimita alitoka pale akitembea kama aliyeshinda kesi. Alijiambia kwamba kumbe duniani wapo walimu wanaokaribisha watu.

Darasa la Daktari Karibu lilikuwa ukumbi wenye wanafunzi mia mbili na themanini. Daktari aliingia, akasalimia kwa upendo, akaugeukia ubao, na hakugeuka tena mpaka saa moja na nusu ilipokwisha. Aliandika kwa mkono wa kulia akifuta kwa wa kushoto. Wiki ya kwanza Milimita alinakili kila kitu. Wiki ya pili alinakili nusu. Wiki ya tatu alikuwa akinakili ili mkono usikae bure. Vikomo, somo la kwanza la Kalkulasi, hakuviogopa. Alielewa kabisa maana ya kukaribia kitu bila kukigusa, maana ndivyo unavyoingiza kioo kwenye fremu. Kilichomzamisha kilikuwa kile kilichotokea kati ya mstari mmoja na mwingine. Daktari aliandika mstari, akasema "ni wazi kwamba," akaandika mwingine usiofanana na wa kwanza hata kwa dawa. Hapo katikati palikuwa na aljebra ambayo Milimita hakuwahi kuisoma, kwa sababu miaka aliyotakiwa kuisoma alikuwa ameususa ulimwengu wa namba.

Akanunua kitabu. Akaamka alfajiri. Akamuuliza kijana aliyekaa jirani yake, mpole mwenye ndevu za kubahatisha, kama naye anapata shida.

"Mimi? Huu mwaka wangu wa tatu hapa," kijana alisema. "Daktari ananijua mpaka jina la mama yangu. Mtu mzuri sana yule."

Jaribio la kwanza lilirudishwa Jumatano ya wiki ya nne. Milimita alipata nne juu ya thelathini. Chini ya alama hiyo Daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, "Jitahidi." Milimita alimfuata baada ya kipindi na kumwomba amwonyeshe alipokosea.

"Usijali, mwanangu," Daktari alisema akimpigapiga begani. "Karibu kila mtu hurudia. Mwakani utakuwa umeshaizoea."

"Mwakani?"

"Au mwaka ule mwingine. Hesabu haina haraka."

Neno hilo lilimchoma kuliko rula. Aliwaza juu yake njiani, akaliwaza mezani, akalala nalo. Rula angalau ilikuwa na hasira kwamba hajui. Huyu mzee hakuwa na hasira wala hamu. Angemwacha azame huku akimpungia mkono ufukweni. Milimita alikuwa na miaka ishirini na saba, hakuwa na mwakani wa kuwagawia watu.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika ishirini, alisimama mbele ya ofisi ya kaka yake akiwa na fomu ya kubadilisha somo. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kaka alikuwa akimenya chungwa. Alimwona, akaendelea kumenya. Akalila pingili moja moja, akafuta vidole kwa leso, akaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na mbili zilipita hivyo. Milimita alizihesabu zote.

"Ingia."

Akaingia, akaweka fomu mezani.

"Hujajaza sababu," kaka yake alisema. "Sipokei fomu yenye mahali patupu."

Milimita akachukua kalamu, akaandika akiwa amesimama: *Nilichagua kwa hasira.*

Kaka akaisoma. Midomo yake ilicheza kidogo. "Hii ndiyo kweli ya kwanza uliyowahi kuandika kwenye karatasi."

"Na ya pili nitaiandika kwenye karatasi ya malalamiko, siku utakayonitukana darasani," Milimita alisema. "Sikukufuata wewe hapa. Nimefuata somo. Ungekuwepo mlango mwingine wa kuingilia nisingegusa huu wako. Ya nyumbani hutayataja. Hutaniita kwa jina la utotoni. Hutagusa daftari langu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na mimi ninayo yangu. Utakaa mstari wa mbele. Wiki nne ulizokosa hazinihusu, utazilipia mwenyewe. Ukichelewa, mlango umefungwa. Na usiniite kaka."

"Sijakuita kaka miaka kumi na miwili," Milimita alisema. "Sahihi ni hapo chini."

Akaweka sahihi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Basi Milimita akaingia darasa la Sifuri, mstari wa mbele, kati ya vijana wa miaka kumi na tisa waliomwita "mama" wakidhani wanamheshimu. Walikuwa thelathini na watano tu. Kaka yake alifundisha kama mtu anayedai. Hakuruka mstari hata mmoja. Aliandika, akageuka, akamnyooshea mtu kidole: "Kwa nini?" Ukisema hujui, alikuacha umesimama mpaka mwingine ajue. Kila Jumatatu alikusanya mazoezi, kila Jumatano aliyarudisha yakiwa yamechorwa nyekundu kama yamechinjiwa kuku. Milimita alimchukia kwa kila pumzi. Na kila Jumatano alipokaa na karatasi yake akafuata wino mwekundu mstari kwa mstari, aliona mahali hasa alipojikwaa. Kwa Daktari Karibu hakuwahi kuonyeshwa mahali. Jambo hilo lilimuudhi zaidi. Angefurahi kama kaka yake angekuwa mwalimu mbovu.

Wiki ya tisa kaka yake alichora msambamba ubaoni. Upande mmoja sentimita tisini, mwingine mia na ishirini. Ulalo mmoja, mia hamsini na tatu. "Ulalo wa pili?"

"Mia na arobaini na saba, pungufu kidogo," Milimita alisema kabla chaki haijashuka. Hakuwa hata ameshika kalamu.

Darasa likamgeukia.

"Umeupataje?"

"Hiyo ni fremu ya dirisha. Ingekuwa imenyooka, kona kwa kona ingesoma mia na hamsini pande zote mbili. Hii imepanda tatu, basi ile imeshuka tatu na kidogo. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka tisa, na madirisha yangu hayajawahi kukwama."

Mtu mmoja nyuma alipiga meza kwa furaha. Kaka yake alisubiri kelele ziishe. Akafuta mia hamsini na tatu, akaandika mia na tisini.

"Sasa je?"

Milimita aliona mtego lakini alikuwa ameshaingiza mguu. "Imepanda arobaini. Ile itakuwa mia na kumi. Pungufu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaishika kalamu.

Kaka yake akaandika mistari mitano, mmoja chini ya mwingine, bila kuruka. Mraba wa tisini, mraba wa mia na ishirini, jumla mara mbili, toa mraba wa mia na tisini, kipeuo. "Tisini na nne," alisema. "Umekosea sentimita kumi na sita. Dirisha lako limeanguka barabarani, limeua mtu." Darasa likacheka. "Kanuni ya karakana inafanya kazi pale tu fremu inapokaribia kunyooka. Ikipinda, inakudanganya, na hutajua kwamba imekudanganya, kwa sababu hujui imetoka wapi. Kujua bila kuweza kuonyesha ni uganga."

Hapo angenyamaza, mambo yangekwisha. Milimita mwenyewe baadaye alikiri kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli, na kwamba tangu siku hiyo hakuandika jibu lisilo na njia. Lakini kicheko cha darasa kilimlevya kaka yake, au pengine kilimkumbusha jikoni, nani ajuaye. Akageukia ubao na kuongeza, "Lakini tutafanyaje? Kichwa cha kubebea ndoo ni cha kubebea ndoo."

Vijana walicheka tena, kwa sababu hawakujua wanachokicheka.

Milimita hakuinuka mara moja. Alinakili mistari yote mitano, akapigia mstari jibu, akafunga daftari. Kisha akasimama, akatoka, akapanda ngazi mbili hadi ofisi ya mkuu wa idara, mama mmoja mkavu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akaomba karatasi. Aliandika lililosemwa, siku, saa, na mashahidi thelathini na wanne. Mwisho akaomba kwamba mtihani wake wa muhula usisahihishwe na mwalimu huyo.

"Mna uhusiano wowote?" mkuu wa idara aliuliza baada ya kusoma.

"Ni kaka yangu."

Mama yule alivua miwani. "Na umekaa darasani kwake wiki tano?"

"Ndiye anayejua kufundisha," Milimita alisema.

Jumapili iliyofuata Milimita alimkuta mama yao jikoni amekunja uso. Mama alikuwa mkunga mstaafu, aliyewahi kuzalisha nusu ya mtaa, na habari zilimfikia kabla hazijapoa.

"Umemshitaki kaka yako," alisema, akiendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa safi. "Aibu ya nyumba unaibeba unaipeleka ofisini kwa watu."

"Mficha uchi hazai, mama. Wewe mkunga unajua."

"Usinifundishe kazi yangu! Mwenzio ana mke, ana watoto, ana jina. Akifukuzwa kazi utakula nini, sifa?"

"Jina lake unalijua? Wanafunzi wanamwita Sifuri."

Mama alikuwa bado hajajua acheke au arushe sahani, mlango ukafunguliwa. Kaka aliingia na bahasha, akaitupa mezani. Barua ya onyo.

"Furahi," alimwambia dada yake. "Miaka kumi ya kazi, sijawahi kupata hata karatasi ya kuchelewa."

"Hukuwahi kupata kwa sababu wale wengine walikuogopa."

"Neno moja! Neno moja la mzaha!"

"Ulilisema nikiwa na miaka kumi na mitano, ukalipasua na daftari langu. Rafiki zako wakacheka. Umelisema tena, wakacheka wengine. Hilo si neno moja. Hilo ni neno lile lile."

Kaka yake alivuta kiti lakini hakukaa. Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka, ingawa haikuwa imelainika.

"Unajua kwa nini nilikufundisha? Hakuna aliyeniomba. Nilirudi nyumbani na vitu kichwani ambavyo sikuwa na wa kumwambia. Baba alisinzia nikianza. Mama akaniuliza kama nimekula. Nikakuona wewe, ulikuwa mwepesi, ulikuwa unapata majibu sijui wapi. Nikasema angalau huyu. Angalau mmoja humu ndani nitaongea naye. Halafu ukagoma. Ukaenda kukata vioo, makusudi, ili kunitukana."

"Nilienda kukata vioo kwa sababu nilihitaji kazi," Milimita alisema. "Wewe hukuwemo hata kwenye mawazo. Na mtu unayetaka kuongea naye, kaka, humpigi vidole."

Neno *kaka* lilimtoka bila kutaka. Wote wawili walilisikia. Hakuna aliyelishika.

"Sitaomba radhi," kaka yake alisema.

"Sijakuomba."

Mama aliweka sahani chini. "Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune," alisema kwa uchovu. "Mimi kulima nimelima. Miaka kumi na miwili. Kapu halijawahi kushuka darini. Tokeni wote wawili, leo nakula peke yangu."

Wakatoka. Mmoja akashika njia ya kulia, mwingine ya kushoto.

Tangu hapo kaka yake hakumtukana. Hakumsemesha kabisa. Alipofika kwake kwenye mstari wa mbele alinyoosha kidole, Milimita akajibu, kidole kikahamia kwa mwingine. Mazoezi yaliendelea kurudi yakiwa mekundu, wala hayakupungua wekundu kwa ajili ya barua, wala hayakuzidi. Milimita alifanya kila zoezi mara mbili, la pili akiandika pembeni mwa kila mstari "kwa sababu."

Mtihani wa muhula ulifanyika siku ya joto kali, feni moja ikizunguka kwa mazoea tu. Karatasi yake ilisahihishwa na mwalimu mwingine kama alivyoomba, na matokeo yakatoka: sabini na nne. Wa kupanda Kalkulasi alihitaji sitini.

Siku mbili baadaye mkuu wa idara alimwita. Mezani palikuwa na karatasi yake ya mtihani, na juu yake barua ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mwandiko alioujua tangu utotoni.

"Mwalimu wako ameomba kuiona, ana haki hiyo," mkuu wa idara alisema, akionekana kuona haya kwa niaba ya mtu mwingine. "Anapinga alama zako. Anadai swali la sita upunguziwe tatu. Sabini na moja badala ya sabini na nne! Kwa kweli huu ni uchokozi. Haibadilishi chochote, umeshafaulu. Nilikuwa naitupilia mbali, ila sheria inataka uione kwanza."

Milimita aliisoma barua. Haikuwa na tusi. Ilisema kwamba mtahiniwa, katika mstari wa nne, amegawa pande zote mbili kwa kosaini ya pembe bila kuonyesha kwamba haiwezi kuwa sifuri. Ilisema msahihishaji alipaswa kuliona hilo. Ilieleza, kwa nusu ukurasa, nini kingetokea kama ingekuwa sifuri.

Akachukua karatasi yake, akatafuta mstari wa nne kwa kidole. Kweli. Alikuwa ameruka.

Alitamani sana kaka yake awe amekosea. Alirudia mstari ule mara tatu akitafuta mahali pa kujitetea, asipaone.

"Apunguze," alisema.

"Unasemaje?"

"Yuko sahihi. Sikuonyesha. Tatu ni haki yake."

"Ninyi watu," mkuu wa idara alisema, akavaa miwani, akaandika sabini na moja. "Sijui kwenu mlilelewa na nani."

"Na mkunga," Milimita alijibu, akaondoka. Ndani yake hapakuwa na amani. Palikuwa na hasira ile ile, ila sasa ilikuwa imekaa vizuri, kama mzigo uliofungwa upya.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, orodha ilionyesha kwamba Kalkulasi itafundishwa na walimu watatu: Daktari Karibu, Sifuri, na mwalimu mgeni ambaye hakuna aliyemjua, mwanamke mdogo wa umbo aliyehamia kutoka chuo kingine. Vijana walikimbilia kwa Daktari. Walimwambia Milimita naye awahi, nafasi zinajaa. Yeye hakukimbilia popote. Wiki ya kwanza, ambayo wanafunzi walikuwa huru kuzunguka, alihudhuria kipindi kimoja kwa kila mwalimu, akakaa nyuma na daftari. Hakuandika hesabu. Aliandika mara ngapi mwalimu amegeuka, nani ameulizwa, asiyejua amefanyiwa nini, na mazoezi yatarudi lini.

Yule mgeni hakuwa na tabasamu wala rula. Kila baada ya dakika kumi aliweka chaki chini na kumwambia mwanafunzi mmoja, "Njoo unieleze nilichofanya, mimi nimesahau." Anayeshindwa aliketishwa, mwingine akaitwa, kisha wa kwanza akaitwa tena kurudia maelezo mpaka yakamkaa. Mazoezi kila wiki. Milimita alijiandikisha kwake siku hiyo hiyo.

Akiwa anatoka ofisi ya usajili alikutana na kaka yake koridoni, uso kwa uso, hakuna pa kupitia. Kaka aliitupia macho fomu iliyokuwa mkononi mwake, akalisoma jina la mwalimu.

"Yule hasahihishi kwa makini kama mimi," alisema.

"Najua."

"Utazoea kuruka mistari."

"Sitazoea," Milimita alisema. "Naomba nipite."

Kaka yake akajibanza ukutani. Milimita akapita akaenda kutafuta chumba kitakamofanyika kipindi cha saa nne, na alipokiona akachagua kiti cha mstari wa pili, karibu na dirisha, ambalo fremu yake ilikuwa imefungwa ovyo na mtu asiyejali.